Jua Limezama, Nani Atalitoa?

Jioni moja tulikuwa Dunga, hapa Kisumu, kando ya ziwa, tukingoja ngege wetu akaangwe. Jua lilikuwa limeshuka hadi likagusa maji. Nikamwambia binti yangu, ambaye wakati huo alikuwa na miaka mitatu na nusu hivi, "Tazama, jua linazama." Akatazama bila kupepesa. Lilipotoweka lote akanikamata mkono. "Limezama? Nani atalitoa?"

Juma hilo watu wazima walikuwa wamezungumza mbele yake habari za mashua iliyozama usiku na wavuvi waliotoka kuwatafuta wenzao. Kwake kuzama kulikuwa kuzama. Mama aliyekuwa akikaanga samaki alicheka mpaka akatua kijiko, kisha akamjibu kwa uzito uliostahili: "Hilo linajua kuogelea. Kesho asubuhi utaliona limetokea upande wa Ahero." Mtoto akaridhika, akala.

Maneno hayo nusura niyapoteze. Usiku ule nilikuwa nimechoka, nikasema nitayaandika kesho. Kesho yake nilikumbuka kwamba alikuwa amesema jambo la kuchekesha kuhusu jua, lakini maneno yenyewe yalikataa kuja. Nilikuwa na kicheko bila mzaha wake. Aliyeniokoa ni mume wangu, ambaye alikuwa amemtumia dada yake ujumbe palepale kwenye benchi la Dunga.

Kama una mtoto mdogo nyumbani, wako au wa ndugu yako au wa mwajiri wako, nakuomba ufanye jambo moja: andika maneno yake siku hiyohiyo, kama alivyoyasema, pamoja na kilichokuwa kikitendeka. Hapa chini nakueleza ninavyofanya mimi, na makosa niliyoyafanya kwanza.

Kwa nini usingoje kesho

Mtoto hasemi jambo la kuchekesha kwa sababu ameamua kuchekesha. Husema kwa sababu amefuata kanuni mpaka mwisho, mahali ambapo sisi tulishazoea kukata kona. Kwa takriban miezi miwili binti yangu alikataa uji kwa kusema, "Mama, uji hanitaki." Tulicheka tukidhani ameulaumu uji kwa kutompenda. Lakini hebu fuata hesabu yake. Amesikia hataki, hatutaki, hamtaki, hawataki. Kila anayekataa anaanzwa na ha. Yeye ni "ni", kwa hiyo ni hanitaki. Anayeharibu mpango hapo ni Kiswahili chenyewe, kilichoamua kwamba mimi peke yangu niseme sitaki. Hakuna aliyemsahihisha kwa nguvu. Asubuhi moja tu aliamka akasema sitaki, na ile nyingine haikurudi tena.

Ndivyo yalivyo mengi ya maneno haya. Hayana onyo. Mwaka 2005 Kamil Ud Deen alichapisha kitabu kizima kuhusu namna watoto wanavyojifunza Kiswahili, akitumia mazungumzo ya watoto wa Nairobi, na moja ya mambo aliyoyachambua ni jinsi wanavyodondosha viambishi vya mbele: mtoto husema "mekula", na aliyekula unamtambua mwenyewe. Kama una mtoto wa miaka miwili utakuwa umesikia hilo leo kabla ya chakula cha mchana. Usipoliandika, baada ya mwaka utaapa kwamba mwanao alianza kuongea akiwa tayari anasema nimekula.

Charles Darwin, yuleyule wa nadharia ya mageuzi, alikuwa na daftari la mtoto wake wa kwanza, aliyezaliwa mwishoni mwa 1839. Alikuja kuyachapisha maelezo hayo mwaka 1877, mtoto akiwa mtu mzima, na bado msomaji anakuta mle kwamba alipofikisha mwaka mmoja kijana huyo alijitungia neno la chakula: "mum". Miaka thelathini na saba ilikuwa imepita. Kumbukumbu ya baba yeyote, hata baba mwenye akili za Darwin, isingelishika neno dogo namna hiyo. Karatasi ililishika.

Uandike wapi

Nilianza na daftari zuri lenye jalada gumu, nililonunua kwa kusudi hilo tu. Lilikaa kabatini chumba cha kulala, na maneno ya watoto husemwa jikoni, bafuni na kwenye tuktuk. Baada ya miezi mitatu lilikuwa na kurasa mbili.

Kisha nikajaribu kurekodi sauti kwa simu. Sauti ni nzuri, sikatai, kwa kuwa inashika mwendo wa maneno na zile "s" zinazopita kwenye pengo la meno. Lakini ukishakuwa na rekodi mia moja na ishirini zisizo na majina, hutazisikiliza, na simu yenyewe huibiwa stendi au hutumbukia majini.

Kilichofaa mwishowe ni kalenda ya ukutani. Kila Disemba duka letu la pembejeo na dawa za mifugo hugawa kalenda kubwa, yenye picha ya ng'ombe wa maziwa na kijisanduku kwa kila siku. Tarehe imeshaandikwa, hivyo kazi nusu imekwisha. Ninaitundika jikoni, kalamu imefungwa kwa uzi kwenye msumari uleule, na yeyote aliyesikia neno ana ruhusa ya kuandika: mimi, baba yake, msichana anayetusaidia kazi, hata mgeni. Neno likizidi kijisanduku, anaandika maneno matatu ya kukumbushia na jioni namalizia kwenye daftari la shule la kurasa 96, lile la bei ya chini, ambalo sioni huruma kulichafua kwa mafuta. Mwisho wa mwezi naupiga ukurasa picha na kujitumia kwa barua pepe. Mfumo ni huo, na hauna programu ya kupakua.

Andika umri kwa miaka na miezi, maana kati ya miaka mitatu na miaka mitatu na nusu kuna safari ndefu. Andika mahali. Andika lililotangulia, kwa sababu humo ndimo mara nyingi mzaha ulimo. Lile la Dunga liko hivi kwangu: "14/4/2024, Jumapili. Miaka 3 na miezi 5. Dunga, jioni, tunangoja samaki. Nilisema jua linazama. Yeye: Limezama? Nani atalitoa? Juma hili alisikia habari ya mashua." Toa hiyo sentensi ya mwisho uone maneno yanavyopungua uzito.

Kwa sisi wa kando ya ziwa, nasisitiza hilo la mazingira kwa sababu mazingira yenyewe hayatulii. Kuna siku binti yangu alitazama ghuba imefunikwa na gugumaji, kijani kibichi mpaka mbali, akasema, "Tushuke tuchume mboga." Baada ya siku chache upepo ukalisukuma gugu lote upande mwingine, na maji yakawa wazi. Angekuja kuyasoma maneno yale akiwa mkubwa, bila maelezo, angedhani mama yake alimlea na njaa.

Usimtafsiri

Mtoto wa Kisumu analelewa na lugha tatu zinazogombania mdomo mmoja. Dani wake, yaani bibi yake, anamsemesha Dholuo. Uani, ambako kuna Waluo, Waluhya, Wakisii na wengineo, watoto wanagombana kwa Kiswahili. Akifika darasa la PP1, mwalimu anadai Kiingereza. Kwa hiyo maneno yake matamu kuliko yote huzaliwa pale lugha hizi zinapogongana, na kosa kubwa la mzazi anayeandika ni kuyanyoosha. Akisema "Nataka pi ya baridi", andika pi. Ukiandika maji umemwandika mtoto mwingine.

Chukua habari ya saa. Shuleni wamefundishwa kwamba darasa linaanza saa nane, kwa hesabu ya Kiingereza. Nyumbani mimi nikasema, "Harakisha, ni saa moja na nusu, shule inaanza saa mbili." Akasimama na kiatu kimoja mguuni, akafikiri, akatoa hukumu: "Tisha amesema nane. Wewe umesema mbili. Mmoja wenu ni mwongo, na Tisha hasemi uongo." Jaribu kumweleza mtoto wa miaka minne kwamba Waswahili huhesabu saa tangu jua linapochomoza na Waingereza tangu usiku wa manane. Mimi nilijaribu. Tulichelewa.

Na hilo la Tisha lina hadithi yake. Watoto wa Kenya nzima humwita mwalimu Tisha, na wachache husimama kulisikia neno lenyewe. Wa kwangu alisimama. Juma la kwanza shuleni baba yake alimuuliza kama anamwogopa mwalimu. "Anaitwa Tisha," alisema, "lakini hanitishi."

Sikiliza basi maneno yenye nyumba mbili, maana huko ndiko watoto huingilia mlango ambao sisi tumeusahau. Kuzama ni moja. Kiboko ni jingine: binamu yake mkubwa alimtishia kwamba akigusa redio ya babu atachapwa kiboko, naye, ambaye alikuwa amewaona viboko kwa macho yake tukiwa Hippo Point, akauliza kwa upole, "Nani atamwinua?" Hata jina la mji wetu halikupona. Wazee husema linatokana na kisuma, ile safari ya kwenda kutafuta chakula kwa wenzako wakati wa njaa. Binti yangu hana habari na hilo. Yeye anajua kwamba kiatu kikipata mwenzake vinakuwa viatu, na tulipopita mzunguko wa Kondele kwa mara ya pili siku hiyo, baba yake akiwa amepotea njia kidogo, alitangaza kutoka kiti cha nyuma kwamba Visumu ni vingi.

Tahadhari moja hapa, nayo naisema kwa ukali kidogo. Dholuo haina sauti ya "sh", na wazee wetu wengi husema samba kwa shamba. Mtoto akirudi kutoka kwa dani huko Seme akakwambia walikuwa samba, andika samba. Lakini usimchekee hapo, wala usimfanye arudie mbele ya wageni ili wote wacheke. Akishajua kwamba kinachochekwa ni mdomo wa dani, ataacha kuzungumza kama dani, na baada ya hapo ataacha kuzungumza na dani.

Akikuaibisha mbele za watu

Hili litatokea. Kwetu lilitokea arusini.

Wasomaji wa mbali na ziwa wanahitaji maelezo kwanza. Viwanda vya samaki vya hapa hukata minofu ya mbuta kwa ajili ya kuuza nje ya nchi. Kinachobaki ni kichwa, mfupa wa mgongo na nyama kidogo iliyoshikilia. Akina mama wa Obunga na kwingineko huyanunua mabaki hayo, huyakaanga na kuyauza, na jina lake mjini ni mgongo wazi. Ni chakula cha watu wengi sana, na kikiwa cha moto, na kuon, yaani ugali, pembeni, mimi sikiachi.

Sasa, kanisani, kimya cha maombi, mbele yetu amesimama msichana mmoja wa msafara wa bibi arusi. Gauni lake lilifunika mbele yote na nyuma halikuwa na kitu mpaka kiunoni. Binti yangu alimchunguza kwa muda. Halafu, kwa sauti ile ambayo watoto huitunza kwa ajili ya makanisa, akasema: "Mama, anti ni mgongo wazi. Atakaangwa?"

Ushauri wangu kwa saa kama hiyo. Usimfinye. Usimzibe mdomo, kwa kuwa atadhani neno lenyewe ni tusi, na keshokutwa utamtuma kwa muuza samaki akalione tusi hilo limeandikwa kwa chaki ubaoni. Mjibu kwa sauti ya chini na kwa ukweli: "Hapana, hilo ni gauni, tutaongea nje." Kisha toka nje mkaongee kweli, kama ulivyoahidi. Kicheko chako kiweke mpaka ufike nyumbani. Yule msichana, nakuambia, ndiye aliyetutafuta baada ya ibada akitaka kujua ni nani aliyesema. Alicheka hadi machozi, akaniomba nimwandikie.

Usimgeuze mtumbuizaji

Kosa langu la pili, baada ya lile daftari la kabatini, lilikuwa hili: "Hebu mwambie anti vile ulisema jana." Mtoto anatazama sakafu. Unarudia. Anajificha nyuma ya kiti. Ukishikilia sana, atasema, lakini kwa sauti ya mtu anayelipa deni, na kesho ataanza kutunga vituko kwa makusudi. Hivyo havichekeshi hata kidogo. Mtoto wa miaka minne anajua vizuri tofauti ya watu wanaofurahi naye na watu wanaomcheka.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 Mmarekani aitwaye Ben Blount alikuja kuishi kati ya Waluo ili achunguze namna watoto wanavyojifunza lugha, kazi aliyoiandikia tasnifu ya Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1969. Aliwatembelea watoto nyumbani kwao zaidi ya mara 50, na akaondoka na semi za maneno mawili au zaidi zisizofika 200. Watoto hawakuwa mabubu. Walikuwa na adabu: mbele ya mgeni mtu mzima mtoto hunyamaza. Nina hakika alipofika njiani kurudi alikolala, nyuma yake uani kulilipuka kelele.

Kwa hiyo usikae mbele ya mtoto na kalamu. Kaa kando yake na kazi. Chambua omena, wale dagaa wetu wa ziwani. Mimi maneno mengi nimeyapata nikichambua omena, kwa kuwa mikono yangu ina shughuli na macho yangu hayamtazami. Ndipo alipochungulia sinia siku moja akasema hawezi kula leo. Kwa nini? "Zote zinaniangalia."

Majina yetu nayo yana vituko vyake. Binti yangu amepewa jina la mama mzazi wa baba yake, na kama ilivyo desturi, baba yake humwita Mama, kwa mapenzi na kwa heshima. Hatukufikiri mambo haya yangefika mbali. Usiku mmoja akamwambia, "Mama, kalale sasa." Jibu: "Mama yako hajachoka. Wewe nenda kalale." Na akamwonyesha mlango. Yawa! Mume wangu alitoka chumbani kimya kimya, akaja jikoni kutafuta kalamu.

Nani asome

Si kila linalosemwa ni la kuandikwa. Maneno ya mtoto kuhusu ugomvi wa wazazi, ugonjwa wa jirani, au jambo lililomtia hofu, hayo msikilize na umshughulikie. Na anayoyasema bafuni abaki nayo.

Na yale yaliyoandikwa si ya kuwekwa hadharani mtandaoni. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi kabla ya wengine kutumia taarifa za mtoto, na mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini hiyo. Shule ina wa kuitoza. Mzazi anayemwanika mwanawe akilia kwa sababu ndizi yake imevunjika, ili watu elfu mbili wacheke, ndiye huyohuyo mwenye kutoa idhini. Jizuie mwenyewe. Kundi la familia la watu tisa linatosha, na hata humo kuna shangazi mmoja anayesambaza kila kitu.

Jambo la mwisho nililolifanya, na ambalo ningelifanya kwanza kama ningejua, ni kumfuata mama mkwe wangu na daftari. Zamani watoto wa Kiluo walilala siwindhe, nyumbani kwa bibi, wakitegeana vitendawili na kusikiliza ngano, na nilidhani atanipa hizo. Nilimuuliza badala yake mwanawe alikuwa akisema nini akiwa mdogo. Akanyamaza kidogo, akaanza kucheka peke yake. Walimpeleka mjini kwa mara ya kwanza, akaona reli inavyoishia karibu na bandari, reli ileile iliyofika hapa mwaka 1901. Aliuliza treni inakuja kufanya nini mahali penye mwisho. Kabla hajajibiwa, akajijibu: imetoka Nairobi kuja kunywa maji. Alisema kwa Dholuo, na kwa Dholuo ndivyo nilivyoandika. Mume wangu, mtu wa miaka arobaini na kitu, hakuwa amewahi kuisikia habari hiyo. Kama una mzazi aliye hai, muulize juma hili.

Binti yangu sasa ana miaka mitano na husema sitaki kama watu wote. Hanitaki iko kwenye kalenda ya 2024, mwezi wa tatu, chini ya picha ya ng'ombe.